Ukurasa Bila Picha

Ijumaa ile, saa nne asubuhi, ukurasa wa maombi ya ajira ulifunguka kwenye kompyuta ya Mwamvua ukiwa mtupu kama nyumba iliyohamwa. Nembo hakuna, picha hakuna. Maandishi yalijipanga upande wa kushoto, mstari chini ya mstari, na mahali pa kuchagua mkoa hapakufunguka hata baada ya kubonyezwa mpaka kidole kikachoka. Chini kabisa paliandikwa: "Andika herufi unazoziona katika picha hii." Picha yenyewe haikuwapo. Palikuwa na alama ndogo ya karatasi iliyochanika, basi.

"Niandike herufi nisizoziona?" aliuliza Zamda, wifi yake, aliyeketi kwenye stuli nyuma yake. "Hiyo si kazi ya uuguzi tena, wifi. Hiyo kazi ya uganga."

Mwamvua alicheka, maana Zamda alikuwa na kipaji cha kuwachekesha watu hata msibani, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyohiyo, saa kumi kamili alasiri. Tangazo lilitaka waombaji wasiozidi miaka arobaini na mitano, na Zamda mwezi uliofuata alikuwa anatimiza arobaini na sita. Hapakuwa na mwakani. Kama si leo, cheti chake cha uuguzi kingebaki kabatini pamoja na sahani za wageni.

Na cheti hicho hakukiokota. Zamda alikwenda chuoni akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kulea wadogo zake na kisha watoto wake mwenyewe, akakaa darasani na wasichana waliomwita mama. Alipohitimu akarudi Kibiti kwa mdogo wake Nassibu, mume wa Mwamvua, akawa anajitolea kituo cha afya. Miaka saba anachoma sindano, anapokea wazazi, anarudi nyumbani na asante. Leseni yake iliyohuishwa ilifika jana yake tu, ndiyo maana wakajikuta siku ya mwisho. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la sikukuu, ushungi umepigwa pasi, macho yametiwa wanja.

"Wifi, wanja wa nini? Tunajaza fomu," Mwamvua alikuwa amemwambia.

"Huwezi jua. Pengine watanichungulia humo ndani."

Steshenari ya Mwamvua ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Kibiti, chenye mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja ya mezani aliyoipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mumewe. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na steshenari ya Abdala, yenye kompyuta tatu na feni. Siku ya mwisho ya maombi ni siku ya mavuno kwa watu wa steshenari, na foleni ya Abdala ilikuwa imeshatoka mlangoni, imevuka mtaro, inaelekea kwa muuza mihogo. Kwa Mwamvua kulikuwa na Zamda peke yake. Hata simu isingewafaa, kwa sababu tangazo lilisema wazi kuwa sehemu ya vyeti ijazwe kwa kompyuta.

"Ngoja," Mwamvua alisema, akainua simu yake ndogo ya vitufe. "Nampigia mwalimu."

Virusi viliingia Jumanne, tena vililetwa na furaha. Mjumbe wa kamati ya harusi moja alileta flashi yenye majina ya waalikwa ili achapiwe kadi. Flashi hiyo ilikuwa imepitia kwa Ukasha, kijana anayewawekea watu nyimbo pale stendi, ambaye kompyuta yake imeshalala na kila flashi ya Kibiti. Mwamvua akaichomeka bila kuikagua. Kufika saa tisa, kila ukurasa alioufungua ulizaa kurasa nyingine tatu. Mama mmoja wa Nyamwage, aliyekuja kutazama matokeo ya mwanawe, alioneshwa maandishi mekundu yanayosema ameshinda gari, akapiga vigelegele mpaka watu wa stendi wakaja kumpongeza. Ilimbidi Mwamvua amwambie ukweli mbele ya kadamnasi. Mama yule hakumsamehe, akaondoka anaamini gari lake limefichwa.

Kibaya zaidi, virusi vilikuwa vinakula bando. Jumanne ileile bando la siku nzima lilikwisha kabla ya jioni, na Nassibu, mwanamume ambaye hata njiti ya kiberiti huipasua mara mbili, alikaribia kuugua.

Alhamisi alasiri ndipo alipokuja Mwalimu Zebedayo, anayefundisha kompyuta shule ya sekondari, akavifagia virusi vyote. Matangazo yaliyonyamaza hayakurudi tena, na hakuna aliyeshinda gari. Lakini kurasa, ambazo Mwamvua alizikuta tupu tangu asubuhi hiyo, ziliendelea kufunguka tupu, na wote waliamini hayo ni makovu yatakayopona yenyewe. Sasa hayakupona, na saa ilikuwa inatembea.

Zebedayo alifika saa tano na robo, kwa baiskeli, suruali ameikunja mguu mmoja.

"Hodi humu!" alipaza sauti. "Kuna watu, au Wandengereko wote mmekwenda ngomani?"

"Karibu, mpagazi," Mwamvua alijibu bila kugeuka. "Mizigo iko hapo nje, anza kubeba."

Zebedayo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wao, na mtani hasalimiani na watu kama wengine wanavyosalimiana. Tangu siku ya kwanza alipohamishiwa Kibiti alitukanwa na kutukana kwa amani kabisa. Alimwangalia Zamda kutoka wanja hadi viatu.

"Na huyu bibi harusi mnamwoza leo?"

"Namtafuta bwana mwenye kompyuta nzima," Zamda alisema. "Wewe kaa ufanye kazi. Saa kumi nafungiwa mlango."

Mzaha ukaishia hapo. Zebedayo aliketi kwenye kiti, akavuta kibodi, na kwa saa nzima haikusikika ila mibonyezo. Mwamvua alisimama begani kwake akifuatilia kila alichokigusa, kwa sababu mashine ilikuwa yake na alitaka kujua. Mwalimu alikuwa na tabia nzuri ya kueleza.

"Virusi hivi vikitoka huacha njia za panya," alisema. "Vinakuwekea anwani, ili kila ukurasa upitie kwao kwanza ndipo uje kwako. Jana niliziziba. Unaona? Zimezibwa." Akafungua mahali pengine. "Hapa hukaa vile vikorokoro vinavyojibandika kwenye kivinjari. Hakuna hata kimoja. Safi." Akafuta kumbukumbu za zamani za kurasa, akazima mashine, akaiwasha. Ukurasa ukafunguka mtupu.

Akaing'oa programu nzima ya kufungulia mtandao, akaiweka upya. Ikarudi vilevile. Akajaribu ile nyingine iliyokuja na mashine, lakini ilikuwa ya kale mno, na tovuti ikaikataa. Zamda alikuwa ameacha kutania. Alikuwa amepakata bahasha yake ya vyeti kwa mikono miwili, na Mwamvua aliona vidole vyake vinaipapasa pembeni, vikirudi na kurudi.

"Mwili umepona, macho bado," Zebedayo alisema hatimaye, akavua miwani. "Mimi naona tuifomati. Tufute kila kitu, tuanze upya."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Na ukihamisha mafaili kwanza, unaweza kuhamisha na virusi."

Mwamvua aliiangalia mashine yake. Humo ndani mlikuwa na kadi mia na ishirini za harusi ya Jumapili. Mlikuwa na katiba ya kikoba cha akina mama wa sokoni. Mlikuwa na wosia wa mzee mmoja wa Mahege, ambaye alishakuja kuuandikisha mara nne, kila mara akipunguza mtoto mmoja.

"Itachukua muda gani?"

"Tukienda haraka, magharibi."

Hapakuwa na haja ya kuendelea. Zamda alisimama, akanyoosha ushungi, akatabasamu tabasamu ambalo Mwamvua alilichukia kwa sababu lilikuwa la kumwonea huruma yeye.

"Wifi yangu, usione vibaya," alisema. "Mie navuka ng'ambo."

Kuvuka barabara hiyo ni hatua kumi na tano. Siku hiyo zilikuwa nyingi. Stendi nzima ilijua kuwa Zamda ni wifi yake Mwamvua, na Abdala, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko duka lake, alimpokea kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Ooh, karibu shangazi, karibu sana! Vipi, kwa wifi kumezimika?"

Watu wakageuka kutazama. Mwamvua alijifanya anapanga karatasi. Alimwona Abdala akimpa Zamda kipande cha boksi chenye namba, na alimwona Zamda akikiinua kumwonesha kutoka ng'ambo, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu: arobaini na tatu. Muda huo walikuwa wanaitwa wa kumi na tisa. Zamda akaenda kusimama juani, na wanja wake.

Roho ilimuuma Mwamvua, na tuseme ukweli, haikumuuma kwa ajili ya Zamda peke yake. Miaka mitano alikuwa amewajazia fomu watoto wa watu, wakenda vyuoni na makazini, wakarudi kumletea zawadi. Sasa imefika zamu ya wa nyumbani kwake, anampeleka kwa Abdala.

Nassibu alirudi kutoka swala ya Ijumaa saa nane na nusu, kanzu nyeupe, kofia ya vito, mkononi mfuko wa bagia za moto. Alikuwa na furaha yake. Khutba ilikuwa fupi, foleni ya bagia ndiyo iliyokuwa ndefu, lakini alikuwa ameongezewa moja ya bure. Alimkuta mkewe ameshika tama na mwalimu ameegemea ukuta, kompyuta imewaka mbele yao kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa.

"Kuna nini humu? Kuna msiba?" alicheka. "Mtani, chukua bagia, usije ukasema hatukulishi. Mama, bando lipo?"

"Lipo," Mwamvua alijibu kwa unyonge.

"Si nilijua!" Nassibu akajipiga kifuani. "Tangu Jumatano halijakwisha hata siku moja. Tena linabaki."

Mwamvua alikuwa ameshaipeleka bagia mdomoni. Aliishusha.

Kuna watu wanaojua mambo ya kompyuta kwa kusoma, kama mwalimu, na kuna wanaoyajua kwa kukaa nayo. Mwamvua alikuwa wa pili. Hakujua majina ya virusi, lakini bando lake alilijua kama mama wa nyumbani anavyoujua mtungi wake wa maji.

"Mwalimu," alisema taratibu, "wewe ulivisafisha virusi lini?"

"Jana. Alhamisi alasiri."

"Na bando likaacha kukimbia Jumatano."

Zebedayo aliondoka ukutani.

"Mgonjwa hawezi kupona siku moja kabla ya dawa," Mwamvua akaendelea. "Jumatano mie nilikwenda kuhani msiba. Dukani alikaa nani?"

Nassibu alianza kushughulika na mfuko wa bagia, akiufunga, akiufungua.

"Mie sikugusa kitu," alisema. "Yaani, kitu cha maana sikugusa."

Wengine wangeishia hapo, maana mke hawezi kumsulubu mumewe mbele ya mgeni. Lakini mgeni mwenyewe alikuwa mtani. Zebedayo akaja akasimama mbele ya Nassibu, akamshika mabega.

"Mtani, nakuuliza kwa haki ya utani. Na ukinidanganya, siku ya mazishi yako nitashuka kaburini kabla yako, nikae humo, na sitoki mpaka ukoo wako unilipe ng'ombe. Unanijua. Jumatano ulifanya nini?"

Nassibu akavua kofia, akaivaa tena.

"Ukasha wa stendi alinifundisha," alisema. "Nilimlalamikia kuhusu bando. Akaniambia, kinachokula bando ni picha. Zima picha. Na kile kingine, sijui java nini, nacho zima. Akanielekeza kwenye simu, hatua moja moja, nikazima."

"Ukasha?" Mwamvua alisimama. "Aliyetuletea ugonjwa ndiye aliyekuuzia dawa?"

"Hakuniuzia, alinipa bure. Na ikafanya kazi! Yale matangazo siku ileile yakanyamaza. Nikasema nisiseme, nije nikufurahishe mwisho wa mwezi." Sauti ikawa inashuka. "Mie nilidhani ni urembo tu. Watu wanakuja kujaza fomu, hawaji kutazama sinema."

Zebedayo alikaa chini kwenye boksi la karatasi. Alikuwa amesomea kompyuta miaka mitatu, na hakuna somo lililomwandaa kwa mtu mwenye akili timamu kuzima picha kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ametafuta mwizi kwenye mapaa na madirishani, kumbe mlango umefungwa na baba mwenye nyumba.

"Ndiyo maana niliing'oa ikarudi vilevile," alisema. "Setingi hazikung'oka nayo. Ilikuwa inatii amri."

Akaanza kucheka, na mabega yakamtikisika. Mwamvua yeye hakucheka.

"Nassibu," alisema, "tazama ng'ambo."

Nassibu akatazama. Kwenye foleni ya Abdala, kati ya vijana, alisimama mwanamke mmoja wa makamo kwa gauni la kitenge, bahasha ameiweka kichwani kujikinga na jua. Huyo ndiye aliyembeba Nassibu mgongoni mpaka akajua kukimbia. Uso wa Nassibu ukabadilika. Akavuta kiti mwenyewe, akakaa.

"Nioneshe pa kuwasha," alimwambia mwalimu. "Nilizima kwa mkono wangu, nitawasha kwa mkono wangu."

Zebedayo akamfungulia setingi za kivinjari, akamwelekeza. Ruhusu picha. Ile java nini, ambayo ndiyo inayozipa kurasa uhai na kufungua vile visanduku vya kuchagua, nayo ruhusu. Mibonyezo miwili tu. Halafu akamwambia aufungue ukurasa upya.

Ukaja. Kwanza nembo, halafu rangi, halafu picha ya wauguzi watatu wanaocheka kana kwamba walikuwa wamejificha tu mlangoni. Mwamvua akabonyeza mahali pa mkoa na mikoa ikamwagika yote, kuanzia Arusha. Na kule chini, pale palipokuwa na karatasi iliyochanika, zikasimama herufi sita zilizopinda, mbaya kuzitazama, na hakuna mtu aliyewahi kuona kitu kizuri kuliko zile. Mwamvua akapiga kigelegele. Muuza mihogo akageuka akidhani kuna mama mwingine ameshinda gari.

Saa ilikuwa inakaribia tisa. Kwa Abdala walikuwa wameitwa wa thelathini na sita.

Nassibu alivuka barabara kwa mbio, kanzu ameikusanya mkononi, Mwamvua nyuma yake. Zamda aliwaona wanakuja, lakini hakutoka kwenye foleni. Kipande cha boksi alikuwa amekikamata kifuani.

"Dada, twende! Imepona!"

"Imepona?" Zamda aliwatazama wote wawili. "Nimebakiwa na watu sita mbele yangu. Nikitoka hapa namba yangu imekufa. Imepona kweli, au mnaona haya tu mie kusimama huku?"

Lilikuwa swali la haki. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, na Abdala mwenyewe alikuwa ametokeza kichwa mlangoni. Mwamvua alifungua mdomo ili aseme jambo lolote la kumsitiri mumewe, hitilafu, mtandao, chochote kile. Nassibu akamwahi.

"Haikuwa virusi, dada," alisema kwa sauti. "Nilikuwa mie. Nilizima picha ili bando lisiishe."

Foleni ikaangua kicheko, kuanzia mbele mpaka mtaroni. Kijana mmoja aliinama ameshika magoti. Nassibu alisimama palepale kwa kanzu yake ya Ijumaa, akakipokea kicheko chote bila kujitetea.

Zamda peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwa makini, na kitu fulani kikawa kinalegea usoni mwake.

"Nyie hamumjui huyu," aliwaambia watu. "Alipokuwa na miaka tisa alizima redio ya marehemu baba, akaificha uvunguni mwa kitanda miezi miwili, ili betri zisiishe. Tulipoitoa, betri zilikuwa zimeozea humohumo ndani." Akageuka kwa Nassibu. "Ungeniambia fundi kaitengeneza, nisingetoka hapa. Kwa hilo, sasa naamini."

Akampa kipande cha boksi msichana aliyesimama nyuma zaidi na mtoto mgongoni, mwenye namba hamsini na kitu.

"Shika, mwanangu. Arobaini na tatu. Ina bahati hiyo."

Mwamvua alijaza kwa vidole vyake mwenyewe, hakumwachia mtu kibodi. Zamda alikuwa anamsomea na Nassibu anapitisha vyeti kwenye skena, kimoja kimoja, akivishika pembeni kwa ncha za vidole. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni. Zile herufi zilizopinda waliziandika, zikakataliwa. Wakaziandika tena, zikakataliwa.

"Hiyo si sita, hiyo ni b," Zamda alisema.

"Hiyo ni sita, dada."

"Nassibu, wewe mambo ya picha nyamaza."

Ilikuwa b. Ukurasa ukasogea. Cheti cha kuzaliwa kikapanda, cha kidato cha nne kikapanda, cha uuguzi kikasimama nusu ya njia, kikazungukazunguka, na kwa muda huo chumba kizima hakikupumua. Kikapanda. Leseni ikafuata. Mwamvua akausogeza mshale mpaka penye neno "Tuma", kisha akauachia.

"Bonyeza wewe, wifi," alisema.

Zamda akajifuta kidole kwenye gauni, akabonyeza. Maandishi ya kijani yakatokea: "Ombi lako limepokelewa." Saa ya kwenye kona ya kioo ilisoma saa tisa na dakika arobaini na nane.

Na huyo Zamda, aliyewachekesha watu hata misibani, akajifunika ushungi usoni akalia. Alilia kwa raha, mabega juu na chini, na wanja wote ukatelemka. Mwamvua alimkumbatia, naye akawa analia, na Nassibu akawa anazunguka na mfuko wa bagia zilizopoa akimbembeleza kila mtu ale.

"Shangazi, mmemaliza?" sauti iliuliza mlangoni. "Na sie mtuwahishie."

Walikuwa vijana wa foleni ya Abdala. Mwamvua alijifuta macho kwa kiganja, akakaa vizuri kwenye kiti chake. Kabla ya saa kumi kugonga aliwawahi watatu, waliokwisha kujaza mengine kwa simu na kubakiza vyeti tu. Abdala alipaza sauti kutoka ng'ambo kwamba huo ni wizi wa wateja, lakini alikuwa anacheka, na jioni alipeleka soda mbili, moja ya Zamda na moja ya yule aliyemwita bwana bando. Jina hilo lilimganda Nassibu. Mpaka leo ukifika stendi ya Kibiti ukamuulizia Nassibu watakuuliza yupi. Ukimuulizia Bwana Bando utapelekwa mpaka mlangoni.

Zebedayo hakuondoka mikono mitupu. Mtani akiteswa bure saa nne nzima ana haki yake, akaidai: jogoo. Nassibu alimletea jogoo mkubwa mwekundu wa kutoka Mahege, akamfunga mwenyewe nyuma ya baiskeli.

"Beba, mpagazi," alisema.

"Nabeba," alisema Zebedayo, "na nitampiga picha nikutumie. Utaiwasha?"

Miezi minne baadaye Zamda alipangiwa zahanati moja huko Mloka. Waliomsindikiza walijaza nusu ya stendi, na wanja ulikuwepo. Wiki ya tatu akapiga simu, Jumapili asubuhi, wakati Mwamvua anachapa kadi za harusi nyingine.

"Wifi! Huku tembo wanapita nyuma ya zahanati kama wanasubiri kuandikishwa. Jana nimezalisha mapacha. Mama yao anataka kumwita mmoja Zamda, nimemwambia amuonee huruma mtoto." Alikuwa anaongea haraka, kwa furaha, na nyuma yake jogoo walikuwa wanawika. "Sasa sikiliza. Kompyuta ya hapa tunaitilia bando sisi wenyewe, tunachangishana. Linaisha kabla ya saa nne. Mpe simu mdogo wangu."

"Ya nini?"

"Anifundishe kuzima picha."

Mwamvua aliangua kicheko kilichomfanya Nassibu aje kutoka uani na povu la sabuni mikononi. Alipoelezwa, hakucheka. Alikwenda kunawa, akajifuta, akachukua kofia yake ya vito akaivaa, ndipo akapokea simu na kuketi kwenye kiti cha wateja.

"Dada," alisema kwa sauti nzito, "chukua kalamu uandike. Lakini kabla sijaanza niambie kwanza: hapo kuna mtu yeyote anayejaza fomu?"